Mlango Mmoja, Watu Robo Milioni

Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya kununulia bima ya afya chini ya sheria ya Rais Barack Obama. Walioipanga walitarajia watu 50,000 hadi 60,000 wawe ndani kwa wakati mmoja. Wakaja kama 250,000. Kumbukumbu za ndani zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge zilionyesha kuwa siku hiyo ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa sita. Si sita elfu, sita.

Ni rahisi kuwatupia lawama wageni kwa wingi wao. Ila siku chache kabla ya uzinduzi, jaribio lililoigiza watu mia kadhaa tu wakiingia kwa pamoja lilikuwa limekwisha kuuangusha mfumo. Na wakandarasi walioijenga tovuti walipohojiwa bungeni mwezi huohuo wa Oktoba walikiri kwamba mfumo mzima, mwanzo hadi mwisho, ulianza kupimwa wiki mbili za mwisho. Jaribio linalofanyika wakati hakuna tena muda wa kurekebisha ni taarifa ya msiba tu.

Kinachonivutia zaidi katika kisa hiki, hata hivyo, ni mlango. Mpango wa awali ulimruhusu mgeni kuangalia bei bila kujitambulisha. Muda mfupi kabla ya uzinduzi ruhusa hiyo ikaondolewa: kila mtu, hata aliyekuja kuchungulia, ilimbidi afungue akaunti kwanza. Kuonyesha bei ni kazi nyepesi, maana ukurasa uleule huweza kuhifadhiwa na kugawiwa maelfu. Kufungua akaunti ni kuandika kwenye kanzidata, kukagua kama jina limeshachukuliwa, kuuliza mifumo mingine kama mtu ndiye kweli. Uamuzi mmoja ukawageuza wachunguliaji wote kuwa mzigo mzito. Ndiyo maana maandalizi ya jaribio huanzia kwenye swali la nani anakuja na atapita wapi. Idadi hufuata baadaye.

Idadi yenyewe nayo ina mtego. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni fupi: walio ndani ni sawa na kasi ya wanaoingia mara muda anaokaa kila mmoja. Zahanati inayopokea wagonjwa 10 kwa saa, kila mmoja akikaa nusu saa, huwa na watu 5 kwa wastani. Huduma ikizorota hadi kila mmoja akae saa nzima, watakuwa 10, ingawa mlangoni hakuna kilichobadilika. Seva nayo ni hivyohivyo: ikichelewa umati huongezeka, na umati ukiongezeka huchelewa zaidi.

Hapa ndipo majaribio mengi hudanganya. Programu ya kupimia huzalisha watumiaji bandia, tuseme 1,000, na kila mmoja husubiri kwa adabu ajibiwe ndipo atume ombi jingine. Mfumo ukizidiwa, watumiaji hao nao hupunguza kasi, na ripoti inatoka nzuri. Binadamu hana adabu hiyo. Wapya huendelea kumiminika, na waliokwama hubonyeza tena na tena. Mpimaji makini hushikilia kasi ya wanaoingia hata seva ikielemewa, tena juu ya kanzidata iliyojaa rekodi, kwa sababu iliyo tupu hujibu haraka siku zote. Wala haridhiki na wastani: maombi 95 yakijibiwa kwa nusu sekunde na 5 kwa sekunde 30, wastani hauzidi sekunde 2, na hao watano wameshakata tamaa.

Kikosi cha kuikarabati HealthCare.gov chini ya Jeffrey Zients kilijiwekea shabaha zinazopimika: watu 50,000 kwa wakati mmoja, 800,000 kwa siku. Kufikia mwisho wa Novemba muda wa kujibu ulikuwa umeshuka kutoka sekunde 8 hadi chini ya 1 (kwa wastani, ndiyo).

Wapo pia waliojiandaa mapema na bado wakaanguka. Mfumo wa sensa ya Australia ulipimwa kwa fomu milioni 1 kwa saa, mara mbili ya zilizotarajiwa. Jioni ya 9 Agosti 2016 yakatokea mashambulizi madogo ya mtandaoni. Ruta moja ikazimwa na kuwashwa, ikagoma kurudi kazini. Fomu walizipima. Kuizima ruta na kuiwasha hawakujaribu, na tovuti ikakaa imefungwa kwa takribani saa 40.