Hospitali yenye jina, je, itakufunza?

Marekani, mwanafunzi wa udaktari anayekaribia kumaliza chuo huandika orodha ya hospitali anazotaka kusomea ubingwa. Hospitali nazo huandika yao, na mwezi Machi kompyuta huwaoanisha. Ukishapangiwa, umefungika miaka 3 hadi 7, kutegemea fani.

Tangu 2014, mtandao wa madaktari wa Doximity hupanga hospitali hizo kwa daraja, na vijana wengi huuchungulia kabla ya kuandika. Sasa, daraja hizo hutegemea sana kura: daktari hutaja anakoona ni bora, hata kama hajawahi kukanyaga. Basi mwenye jina huongezewa jina. Kura haisemi mwanagenzi atashika kisu mara ngapi, wala nani atamsimamia saa nane usiku. Hayo wanayajua wanaosomea pale sasa.