Utangulizi: Masweta ya Kisiwa cha Miwa

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilitoa orodha yake ya kila mwaka ya madaraja ya vipato. Tanzania, ikiwa na wastani wa dola 1,080 kwa mtu, ilivuka kizingiti cha dola 1,036 na kuingia uchumi wa kati. Shangwe zake bado tunazikumbuka. Kilichotupita ni kwamba orodha hiyohiyo iliipandisha Morisi hadi kundi la nchi tajiri. Mwaka mmoja baadaye, Uviko-19 ukiwa umefukuza watalii, ikashushwa.

Karibu basi, msomaji, kwenye taaluma inayouliza nchi maskini hutajirikaje. Wastani ule ni pato lote la taifa likigawanywa kwa watu wote, kisha likageuzwa dola. Hesabu halali, ila haikuambii nani jana alilala njaa. Shilingi ikiporomoka, nchi yaweza kushuka daraja ilhali maghala yamejaa mahindi.

Mwaka 1961 mchumi Mwingereza James Meade aliitabiria Morisi mabaya: watu wanaongezeka mbio, na ardhi ni miwa mitupu. Hakuwa mjinga, baadaye alipata Nobel. Lakini kisiwa kilipata uhuru mwaka 1968, na miaka miwili baadaye kikatunga sheria ya kuwasamehe ushuru wenye viwanda vya kuuza nje. Katikati ya miaka ya 1970 sukari ilipopanda bei, sehemu ya faida ya wenye mashamba iliingia viwandani, pamoja na mitaji ya Hong Kong. Wanawake kwa maelfu wakaajiriwa kufuma na kushona. Kisiwa cha joto kikawa muuzaji mkubwa wa masweta ya sufu, na sufu yenyewe iliagizwa ng'ambo!

Mishahara ilipopanda, nguo za Asia zikawa rahisi kuliko za Morisi, nayo ikageukia hoteli na benki. Hali hiyo ya kuwa ghali mno kushindana na maskini na kukosa ujuzi wa kushindana na matajiri, wachumi Indermit Gill na Homi Kharas waliiita mtego wa kipato cha kati, mwaka 2007. Jina limenoga kupita kiasi, naona mimi: kilichoinasa Morisi sicho kilichoinasa Brazili.

Sura ya kwanza inaanzia Mtwara, bandarini, magunia ya korosho ghafi yakipakiwa melini kwenda kubanguliwa Vietnam na India.