Uthabiti wa Lugha katika Vibao vya Mwelekeo: Msafiri wa Migato na Stesheni za Makutano ya Reli

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza lugha ya vibao vinavyowaelekeza abiria katika stesheni ambako reli mbili au zaidi hukutana. Kwa kawaida suala hili huachiwa wahandisi na wachoraji. Hata hivyo, kibao ni matini, tena ni miongoni mwa matini fupi kabisa: hakina sentensi ya pili ya kufafanua ile ya kwanza, wala msomaji wake hana nafasi ya kumwuliza aliyekiandika. Utata wa kisarufi ambao katika mazungumzo huondolewa na muktadha, katika kibao huweza kumfikisha mtu katika mkoa asioukusudia.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sifa ya kwanza ya kibao chema ni uthabiti: kitu kimoja kiitwe kwa jina moja, kuanzia kwenye tikiti hadi kwenye mlango wa behewa. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa kumfuata msafiri atokaye Migato.

2.0 Msafiri na Makutano Yake

Migato ni kata ya Wilaya ya Itilima, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Reli haipiti Migato wala Bariadi. Msafiri wa huko anayetaka treni hana budi kwenda kwanza Malampaka, katika Wilaya ya Maswa, kwenye tawi la Tabora hadi Mwanza lililokamilika mwaka 1928.

Safari yenyewe ina sababu. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 wafugaji wengi wa Kisukuma walihamia kusini-magharibi kutafuta malisho, wakafanya maskani Rukwa na katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Katavi. Kwa hiyo zipo koo zenye wazee Usukuma na wajukuu Mpanda, na misiba na mahari huwataka watu wasafiri baina ya pande hizo mbili. Kwa reli, mtu huyo hupita Tabora, kisha Kaliua, ambako tawi la Mpanda, lililofunguliwa mwaka 1950, huachana na njia ya Kigoma.

Tabora ndipo penye ugumu. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1912 na kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914; baadaye likaongezwa tawi la Mwanza. Kwa desturi ya miaka mingi, treni itokayo pwani hugawanywa Tabora, mabehewa mengine yakaenda Mwanza na mengine Kigoma. Aliyepanda behewa lisilo lake halitambui kosa hadi treni imekwisha kuondoka. Na kwa kuwa safari za reli hiyo ni chache kwa juma, kosa la dakika moja huweza kugharimu siku kadhaa. Aliyekuwa akiwahi mazishi huenda akayakuta yamekwisha.

Jambo la pili linahusu msomaji mwenyewe. Kwa wengi wa Migato, Kisukuma ndiyo lugha ya nyumbani, nacho Kiswahili ni lugha ya shule, soko na ofisi. Asomaye katika lugha yake ya pili hutambua neno alilokwisha kuliona. Akilikosa neno hilo mbele ya safari, hudhani amepotea hata kama yupo mahali panapostahili.

3.0 Vyanzo vya Utata

3.1 Kihusishi cha -a

Usemi "treni ya Mwanza" una maana mbili: treni inayokwenda Mwanza na treni iliyotoka Mwanza. Pale Malampaka au Mwanza kwenyewe utata huo haudhuru. Tabora unadhuru, kwani hapo treni za pande zote huweza kukutana. Msafiri anayerejea Migato kutoka Mpanda akiambiwa apande "treni ya Mwanza" anaweza kuonyeshwa ile iliyofika kutoka huko na inayoelekea pwani. Kibao hakina kiimbo wala kidole cha kuonyeshea. Kwa hiyo kinahitaji kitenzi au mshale: "Kwenda Mwanza".

3.2 Neno "kutoka"

Neno hili ni kitenzi-jina, na pia hutumika kuonyesha chanzo cha mwendo. Kibao cha "KUTOKA" kikiwekwa karibu na jina la mji huweza kusomeka ama kama mlango wa kutokea, ama kama habari ya treni iliyotoka mji huo. Umbo fupi "TOKA" nalo halifai, kwa kuwa likisimama peke yake ni amri ya kumfukuza mtu. Kauli ya kutendea inatatua tatizo hili kwa urahisi: "Njia ya kutokea" hutaja mahali, wala haimwamrishi mtu.

3.3 Umbo la maneno

Kiswahili huanza neno kwa kiambishi, na mzizi hufuata. Maneno KUINGIA, KUTOKA, KUFIKA na KUONDOKA yote huanza kwa KU-. Vivyo hivyo WANAOFIKA na WANAOONDOKA hufanana kwa herufi tano za mwanzo. Kwa mtu anayetembea upesi akiwa na mzigo kichwani, maneno hayo huonekana kama neno moja. Mbuni wa vibao anayefuata mifano ya Kiingereza bila kulizingatia jambo hili hulipoteza kabisa. Panapofaa, jina la mwisho wa safari ndilo litangulie, kwa sababu "Kigoma", "Mpanda" na "Mwanza" hutofautiana kwa sura hata kwa mbali.

3.4 Saa

Hesabu ya saa ya Kiswahili huanza macheo na machweo. Hivyo "8:00" kwenye ubao wa ratiba ni saa mbili asubuhi kwa aliyezoea saa za kimataifa, na ni saa nane kwa mwingine. Tofauti ni saa sita kamili. Ratiba ikitumia mfumo wa saa 24, iandike pia kwa maneno: "14:00, saa nane mchana".

4.0 Uzoefu wa Kwingineko

Suala hili si geni duniani. Nchini Uingereza, Jock Kinneir na Margaret Calvert walibuni herufi zilizoanza kutumika katika stesheni za reli mwaka 1965, wakichanganya herufi kubwa na ndogo ili kila neno liwe na umbo lake. Katika reli ya chini ya ardhi ya Mexico City, iliyofunguliwa mwaka 1969, kila stesheni ilipewa picha yake, iliyobuniwa na Lance Wyman, ili hata asiyejua kusoma aitambue. Funzo la mifano yote miwili ni kwamba vibao vilipangwa kama mfumo mmoja.

Tanzania ina haja ya mfumo wa namna hiyo hasa sasa. Dar es Salaam ina reli za vipimo vitatu vya upana: milimita 1,000 ya Reli ya Kati ya zamani, milimita 1,067 ya TAZARA, na milimita 1,435 ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo. Treni ya kipimo kimoja haiwezi kupita juu ya kingine. Abiria hulazimika kushuka na kuhama. Tena "Tazara" ni jina la mamlaka ya reli, la stesheni, na la makutano ya barabara ambapo daladala hupita. Reli mpya inajengwa pia baina ya Isaka na Mwanza, kwa hiyo msafiri wa Migato naye atakutana na makutano mapya.

5.0 Mapendekezo

Kwanza, istilahi za stesheni zikubaliwe mara moja na wenye reli pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967. Ikiwa ni "jukwaa", lisiitwe "njia" kwenye tikiti na "laini" kwenye kipaza sauti. Pili, kila panapogawanyika njia pawe na kibao, na mbele kidogo kingine cha kuthibitisha, chenye neno lilelile. Tatu, kila behewa libandikwe jina la mwisho wa safari yake. Nne, vibao vijaribiwe kwanza na wasafiri wa vijijini kabla ya kutundikwa.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba utata wa vibao unatokana kwa kiasi kikubwa na sarufi: kihusishi cha -a, maana mbili za "kutoka", viambishi vinavyofanana, na saa zenye hesabu mbili. Hayo ni mambo ya wanaisimu kabla hayajawa ya wachoraji. Gharama ya kuyarekebisha ni ndogo ikilinganishwa na gharama anayolipa sasa abiria, ambaye kwa neno moja lisilo thabiti hukosa treni, na pamoja nayo shughuli iliyomtoa nyumbani.