SI KILA NGOMA YA UWANJANI HUINGIA UKUMBINI

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Maana ya methali hii humwelea barabara yule aliyepewa kazi ya kuwatoa wachezaji kwao na kuwapandisha kwenye jukwaa la watu wengine. Kazi hiyo ndiyo niliyokabidhiwa na ukumbi mmoja wa hapa Mombasa: nizunguke pwani, nitazame na kusikiliza, kisha nilete orodha ya vikundi vya msimu ujao.

Jambo la kwanza ni kalenda. Wenye kumbi hupanga mambo yao kwa miezi ya kizungu, hali wachezaji wetu huishi kwa mwezi mwandamo. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, hata katika 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mwezi wa Mlisho usimtafute mwimbaji wa taarabu, kwani harusi zimemmaliza. Na Mfunguo Sita macho ya wapiga matari yako Lamu, kwenye maulidi ya Riyadha. Asiyeyajua haya ataandika barua nzuri asipate jibu.

La pili ni kukitazama kitu mahali pake. Vikundi vingi siku hizi hukuletea picha za simu, lakini simu haikuonyeshi yote. Penye kirumbizi utakuta kando moto wa makuti makavu, ngoma zinaoteshwa ngozi ipate kukaza. Bila moto ule sauti hulegea. Ukumbini moto ni marufuku, kwa hiyo yabidi kuuliza mapema kama kuna ua nyuma ya jengo. Taarabu nayo haiendi bila kutunza. Msikilizaji aliyeguswa na neno huinuka akampelekea mwimbaji chake, huku wengine wakimtazama ni nani na kaguswa na nini. Ukipanga viti vikabanana pasiwe na njia, umeikata nusu ya taarabu. Nikaandika katika masharti: njia pana katikati, na taa zisizimwe zote.

Ngoma za akina mama zilizo za wanawake watupu sikwenda mimi. Nilimtuma dada yangu. Ripoti yake ilikuwa fupi: wako tayari, mradi usiku huo hata mwenye kuwasha taa awe mwanamke. Sharti hilo ukumbi ulilikubali.

La tatu ni muda. Uwanjani ngoma huanza baada ya Isha ikamalizwa na usingizi. Jukwaani waambiwa dakika 40. Wako wasemao kwamba kukata ni kuua. Mimi nawakumbusha Siti binti Saad, aliyetoka Unguja mwaka 1928 akaenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, na upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua dakika tatu na kitu tu. Nyimbo zake ziliishi. Basi neno ni nani aliyeshika kisu. Goma la Lamu, wazee na kanzu zao na bakora zao wakienda polepole kwa safu, lataka subira. Niliwauliza wenyewe wakate wapi, wakanipa nusu saa iliyo kamili.

Lakini kuna kundi moja lililonishinda, nalo ndilo lililokuwa bora kuliko yote niliyoyaona. Ni vijana wa matari huko Lamu, wameketi safu mbili, wakiyumba pamoja kama mawimbi, na nai ikilia juu yao. Nilimwendea kiongozi wao, mzee wa makamo.

"Maalim," nikamwambia, "twawataka ukumbini."

"Mwanangu, mlangoni watu watalipa?"

"Naam, Maalim."

"Watakuwa wanalipia nini?"

Nilikaa kimya. Mwishowe alitaja masharti matatu: usiku wao wawe peke yao, watu wasipige makofi, na pasiwe na tiketi. Ukumbi ulikubali mawili ya kwanza. La tatu ukakataa, kwa kuwa umeme na walinzi hulipwa. Nikarudi na shauri la kuweka sanduku la sadaka mlangoni. Maalim akacheka. "Hiyo ni tiketi iliyovaa kanzu," akasema.

Wapo wa maulidi ya homu kutoka Unguja waliokwisha kuitikia wito wa majukwaa ya Ulaya, nami siwalaumu. Mjadala huu ni mkubwa kwa umri kuliko kumbi zetu: Habib Saleh alipoyakubali matari katika maulidi, walikuwako wanavyuoni waliompinga. Kila kizazi chapaswa kujiuliza upya mpaka uko wapi. Ila mwenye kujibu awe yule anayepiga tari, si yule anayeuza viti.

Nililiacha jina lao nje ya orodha. Wenye ukumbi walinung'unika kwamba nimewaletea karamu bila ya pilau. Nikawajibu kwamba pilau ya watu haibebwi bila idhini yao.

Na wewe msomaji unayetaka kuwasikia vijana wale, ngoja Mfunguo Sita uandame, kisha ushike njia ya Lamu. Huko hutaulizwa tiketi.