Mtoto akichaguliwa rais wa klabu, mzazi ajue nani anamshika mkono

Binti wa kidato cha tatu akirudi nyumbani Makorora, jijini Tanga, na habari kwamba wenzake wamemchagua rais wa klabu ya Interact shuleni, wazazi wengi hufurahi kwanza, kisha huanza kujiuliza. Michango itakuwa shilingi ngapi? Jumamosi atarudi saa ngapi? Na mitihani je?

Maswali hayo ni ya haki. Interact ni klabu ya huduma kwa jamii ya vijana wa miaka 12 hadi 18, na iko chini ya Rotary, jumuiya ya kimataifa yenye wanachama zaidi ya milioni moja. Tanga nayo ina klabu yake ya Rotary. Kusafisha mazingira, kutembelea wagonjwa au kukusanya vitabu ni kazi njema, lakini mwenye kuzipanga ni mtoto ambaye bado anaamshwa asubuhi kwenda shule.

Kwa utaratibu wa Rotary, kiongozi wa klabu hatakiwi kuachwa peke yake. Hufundishwa kabla ya kuanza, hutembelewa akiwa kazini, huwekewa mipaka ya fedha na hupumzishwa kwa wakati. Mzazi akiujua utaratibu huo, atagundua mapema pale usipofuatwa.

Zamu ya mwaka mmoja

Rotary ilianza Februari 23, 1905 mjini Chicago, Marekani, pale mwanasheria Paul Harris alipokutana na wenzake watatu. Walikuwa wakikutana kwa zamu katika ofisi zao, na jina la Rotary likatokana na mzunguko huo. Mpaka leo uongozi ni wa zamu. Rais wa klabu huanza kazi Julai 1 na kumaliza Juni 30 mwaka unaofuata, kisha anaingia mwingine.

Zamu hiyo inazuia klabu kuwa mali ya mtu mmoja, lakini ina ugumu wake. Kila Julai klabu inapata rais mpya ambaye pengine ni daktari, mwalimu au mfanyabiashara, na hajawahi kuendesha kikao wala kusimamia mradi wa kisima. Asipofundishwa, nusu ya mwaka wake itaishia kwenye kujifunza.

Ndiyo maana rais mteule hupatikana mapema. Kabla ya Julai huhudhuria mafunzo pamoja na marais wateule wa klabu nyingine, wanakojifunza kupanga malengo, kusimamia fedha na kutunza wanachama. Yapo pia masomo ya mtandaoni ambayo mwanachama anaweza kuyafungua kwenye simu.

Klabu zimekusanywa katika wilaya za Rotary, ambazo si wilaya za serikali. Moja inaweza kuchukua nchi nzima au zaidi. Kila wilaya ina gavana, naye ni wa mwaka mmoja na hujitolea. Gavana hutembelea klabu zake, na kwa kuwa ni nyingi, ana wasaidizi ambao kila mmoja hukabidhiwa klabu chache. Rais aliyekwama na mradi, au aliye na ugomvi ndani ya kamati, humpigia msaidizi huyo kwanza.

Jirani zetu Waganda wameonyesha faida ya malezi hayo. Sam Owori, mzaliwa wa Tororo, alijiunga na klabu ya Rotary ya Kampala mwaka 1978, akapanda ngazi hadi kuchaguliwa rais wa Rotary duniani kwa mwaka 2018/19. Alifariki dunia Julai 2017 kabla ya kushika nafasi hiyo. Katika miaka 29, klabu za Uganda ziliongezeka kutoka 9 hadi 89. Ongezeko kama hilo linahitaji watu wa kuwafundisha marais wapya mwaka baada ya mwaka.

Klabu ya watoto lazima iwe na mlezi

Klabu ya kwanza ya Interact ilianzishwa Novemba 5, 1962 na wanafunzi 23 wa shule ya sekondari mjini Melbourne, jimbo la Florida, Marekani. Tangu hapo, klabu ya Interact haiwezi kusimama bila klabu ya Rotary inayoilea. Klabu hiyo huteua mtu mzima wa kuwa mlezi, na klabu ikiwa ya shule, uongozi wa shule nao huhusika.

Kila mwaka wanafunzi hutakiwa kufanya angalau miradi miwili: mmoja wa kuisaidia shule au jamii, mwingine wa kuwafahamisha kuhusu watu wa nchi nyingine. Rotary pia ina mafunzo ya uongozi kwa vijana yanayoitwa RYLA, ambayo huandaliwa na klabu na wilaya zake. Rais wa Interact anaweza kupendekezwa kuhudhuria.

Kwa hiyo mzazi ana haki ya kupewa majina mawili kabla ya kuruhusu safari yoyote: mlezi kutoka Rotary na mwalimu msimamizi. Aulize pia nani atakuwa na watoto njiani, kwa usafiri gani, na watarudi saa ngapi. Mlezi anayeifahamu kazi yake atakuwa na majibu tayari.

Kuhusu usalama, Rotary ina tamko la mwenendo kwa kila mtu mzima anayefanya kazi na vijana. Tuhuma za ukatili au unyanyasaji hupelekwa kwenye vyombo vya dola, na makao makuu ya Rotary hutakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Hapa nchini mzazi au mtoto anaweza kupiga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Hakuna haja ya kusubiri kikao cha klabu.

Fedha zisikae kwenye simu ya mtoto

Katiba ya klabu za Interact inataka ada iwe ndogo, ya kugharamia uendeshaji tu. Fedha za miradi hutafutwa mbali na ada na kutunzwa kwenye akaunti tofauti. Mweka hazina wa miaka 16 anayepokea michango kwenye laini yake mwenyewe ameshawekwa mahali pabaya, hata kama ni mwaminifu. Siku moja ya kuishiwa nauli inatosha kumtia matatani.

Kwa watu wazima masharti ni makali zaidi. Mfuko wa Rotary, ambao mchango wake wa kwanza ulikuwa dola 26.50 tu, leo hutoa ruzuku kubwa za maji, afya na elimu. Klabu inayotaka ruzuku hizo kubwa lazima kwanza ipate mafunzo ya usimamizi na kutia saini makubaliano ya kutunza fedha na kumbukumbu.

Wazazi walio kwenye vikoba wanalijua jambo hili vizuri. Sanduku lina funguo zaidi ya moja, hesabu zinasomwa mbele ya wote, na hakuna anayeona aibu kuuliza. Wawafundishe watoto hivyo hivyo.

Angalieni kalenda

Jambo moja husahaulika. Mwaka wa Rotary huanza Julai, na wa shule zetu huanza Januari. Klabu ikifuata kalenda ya Rotary, mwanafunzi anayeanza urais Julai akiwa kidato cha tatu atamaliza Juni akiwa kidato cha nne, miezi michache kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Anayeanza Julai akiwa tayari kidato cha nne atakutana na mtihani katikati ya urais wake. Mzazi amuulize mwalimu mapema kama makamu anaweza kuongoza katika kipindi cha mitihani. Makamu yupo kwa ajili hiyo.

Kisha kuna makabidhiano. Vikundi vingi vya mtaani hufa pale mwenyekiti anapohamia Dar es Salaam na daftari lake. Rais wa klabu ya shule aondoke akiwa ameacha orodha ya wanachama, hesabu zilizofungwa, miradi iliyobaki na namba za simu za walezi. Mama anayeandika hesabu za kikoba anaweza kukaa na bintiye jioni moja, wakafungua daftari jipya pamoja na kulipiga mistari: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, saini. Daftari hilo ndilo atakalomkabidhi mwenzake mwaka ukiisha.