Simu Ikisinzia, Nani Hubaki Macho?

Je, wajua kwa nini alamu ya saa kumi na moja alfajiri hulia kwa wakati wake, lakini programu ya kukumbusha dawa ya saa nane usiku huweza kukaa kimya mpaka uishike simu asubuhi?

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia mezani kwa muda, skrini imezimwa, haipo kwenye chaja, huingia hali ambayo Google waliiita Doze, yaani kusinzia. Programu zilizo nyuma ya pazia hukatiwa intaneti. Zikiomba prosesa isilale, hazisikilizwi. Kazi zao hulimbikizwa hadi simu ifumbue jicho kidogo, zifanywe harakaharaka, kisha ilale tena, na kila raundi usingizi hurefuka. Ukiinyanyua tu, kihisi cha mwendo kinaiamsha. Simu ya mfukoni kwa mtembeaji haikutulia, kwa hiyo haikufaidi. Mwaka 2016 Android 7.0 ikaipa usingizi wake mwepesi.

Watengeneza programu wakaanza kutafuta upenyo. Programu za ujumbe zilipewa njia moja ya pamoja kupitia huduma za Google: ujumbe wa dharura ukifika, programu husika huamshwa kwa muda mfupi, nyingine zinaendelea kukoroma. Kwa kazi ndefu, mathalani muziki au kupima mbio, upo mlango mwingine, na kila mtu ameshauona: ile arifa inayokaa juu ya skrini. Tangu Android 8.0, mwaka 2017, anayetaka kuendelea na kazi baada ya kuachwa nyuma lazima aitoe, tena ndani ya sekunde 5 tangu aanze, la sivyo mfumo unamwangusha. Sheria hii naipenda: ukitaka kula betri ya mtu, kula akikuona.

Na dawa? Wengi hukimbilia mipangilio ya betri na kuiondolea programu vizuizi. Hapo hupata intaneti na ruhusa ya kuizuia prosesa isilale, lakini alamu yake ikiwa ya kawaida bado itangoja. Iko alamu ya kupenya usingizini, ingawa haizidi mara moja kila dakika 9 kwa programu. Ile ya alfajiri imesajiliwa kama saa ya kuamsha, na simu huacha kusinzia muda mfupi kabla yake. Ya saa nane ingeweza kusajiliwa vivyo hivyo. Kazi hiyo ni ya aliyeiandika programu, si ya mgonjwa.