Mtoto wa Jicho Hangoji Kukomaa

Ugonjwa huanza kutibiwa mdomoni kabla ya kufikishwa hospitalini. Mgonjwa anapohisi mabadiliko mwilini, jambo la kwanza analolitafuta ni jina. Akishalipata, jina hilo ndilo litakalomwamulia iwapo atakaa nyumbani, ataiendea miti shamba, atanunua dawa dukani au atamwona daktari. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha isimu katika chuo kikuu, na ninayoyajua kuhusu macho nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wataalamu. Hata hivyo, ninaamini kuwa mwanaisimu ana lake la kusema kuhusu suala hili, kwa sababu baadhi ya watu wetu hupoteza uwezo wa kuona si kwa kukosa tiba, bali kwa kupotoshwa na maneno.

Tuanze na mtoto wa jicho. Kiswahili hulitumia neno mtoto kutajia kitu kidogo kilichomo ndani ya kikubwa, na ndiyo sababu droo huitwa mtoto wa meza. Jina hili limezoeleka na lina ladha yake, lakini limezaa fikra mbili zisizo sahihi. Ya kwanza ni kuwa kuna kitu kigeni kilichoota juu ya jicho, kinachoweza kukwanguliwa au kuyeyushwa kwa dawa ya matone. Ya pili ni kwamba, kama mtoto yeyote yule, huyu naye hana budi kuachwa akue hadi akomae.

Ukweli ni kuwa hakuna kilichoota. Nyuma ya mboni ya jicho mna lenzi ambayo kwa kawaida huwa angavu kama maji safi. Uzee, jeraha, ugonjwa wa kisukari, na wakati mwingine maumbile ya kuzaliwa, huifanya lenzi hiyo iingie ukungu. Hakuna tone wala mzizi unaoweza kuuondoa ukungu huo. Tiba yake ni upasuaji: lenzi iliyochafuka hutolewa na nyingine ya kutengenezwa huwekwa mahali pake. Aliyeanzisha utaratibu wa kupachika lenzi hizo ni daktari Mwingereza, Harold Ridley, mjini London mwaka 1949. Alikuwa amegundua kuwa vipande vya plastiki za madirisha ya ndege, vilivyowaingia marubani machoni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vilikaa humo bila kulidhuru jicho. Siku hizi upasuaji wenyewe, kwa kawaida, huchukua chini ya nusu saa. Jicho hutiwa ganzi, na wengi hurudi nyumbani siku iyo hiyo au kesho yake.

Na hilo la kukomaa je? Zamani madaktari wenyewe waliwaambia wagonjwa wangoje, kwa kuwa vifaa vya wakati huo viliwalazimisha kufanya hivyo. Vifaa vimebadilika, lakini usemi umebaki vinywani mwetu. Mtoto wa jicho aliyeachwa akomae kupita kiasi huweza kuvimba au kuvuja, akapandisha shinikizo ndani ya jicho na kuleta maumivu makali. Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi, maana ubongo wake usipopokea picha mapema hautajifunza kuona barabara hata lenzi ikibadilishwa baadaye. Isitoshe, weupe ndani ya mboni ya mtoto mdogo huenda ukawa dalili ya saratani ya jicho, ambayo hutibika ikiwahiwa na huua ikipuuzwa. Huyo ni wa kupelekwa hospitalini mara moja.

Mzee mmoja, jirani yetu kijijini, alikaa miaka minne akiongozwa njia na mjukuu wake, kwa kuwa aliambiwa angoje mtoto akomae. Alipofanyiwa upasuaji alirudi shambani kwake akalima. Mjukuu yule, hata hivyo, hakuna aliyeweza kumrudishia masomo ya miaka minne aliyoikosa.

Sasa tuligeukie jina la pili, presha ya macho. Hapa neno hupotosha kwa njia nyingine. Wengi wetu tulisikiapo neno presha hufikiria shinikizo la damu, na hivyo asiye na presha ya damu hujiona yu salama, naye anayemeza tembe za presha hudhani ameyatibu na macho yake. Ugonjwa huu, ambao madaktari huuita glakoma, huiharibu neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi ubongoni. Mara nyingi huletwa na shinikizo la majimaji yaliyomo ndani ya jicho, ingawa wapo wanaoupata shinikizo hilo likiwa la kawaida. Aina iliyoenea zaidi barani Afrika haiumi wala haiwashi. Huanza kwa kuyafuta mambo ya pembeni, huku yale ya mbele yakiendelea kuonekana vizuri, na mgonjwa aghalabu hushtuka wakati mengi yamekwisha kupotea.

Kilichopotea kwa glakoma hakirudi. Dawa ya matone ya kila siku, miale ya leza au upasuaji huweza tu kukilinda kilichosalia. Kwa sababu hiyo, kila aliyefikisha umri wa miaka 40, na hasa mwenye mzazi au ndugu aliyepatwa na ugonjwa huu, anapaswa kupimwa macho hata kama hasikii maumivu yoyote.

Wasomaji wataona sasa shida ilipo. Lugha yetu ina kitenzi kimoja, kupofuka, nacho hukitumia kwa wagonjwa wote wawili. Mwenye mtoto wa jicho husemwa amepofuka, akakata tamaa, ilhali angeweza kuona tena. Mwenye glakoma husemwa bado anaona, akatulia, ilhali nuru inamponyoka. Anayepaswa kutumaini hukata tamaa, naye anayepaswa kuharakisha husubiri.

Wako wenzangu watakaosema dawa ni kuyatupa majina haya na kutumia istilahi za kigeni pekee. Sikubaliani nao kikamilifu. Mtoto wa jicho ni jina la watu, na halihitaji kufukuzwa, linahitaji kufafanuliwa. Lakini kuhusu presha ya macho, ningependelea tuseme glakoma. Neno la kukopa ambalo msikilizaji halijui litamfanya aulize maana yake, na kuuliza ni bora kuliko kujidhania.

Jina la tatu, macho mekundu, si jina la ugonjwa hata kidogo bali ni la dalili. Mapema mwaka 2024, maambukizi yalipoenea katika Pwani ya Kenya, wengi walijinunulia matone ya kila aina. Maambukizi mengi ya namna hiyo huletwa na virusi, nayo hupona yenyewe mradi mgonjwa anawe mikono na asichangie taulo na wenziwe. Lakini wekundu huohuo waweza kuletwa na kidonda kwenye kioo cha jicho, au na trakoma, maradhi ya vikope yanayozisumbua jamii za wafugaji kama vile za Turkana na Narok, ambapo kope hujipinda ndani na kulikwaruza jicho. Aidha, baadhi ya matone yana steroidi, ambazo zikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi huweza kuleta glakoma pamoja na mtoto wa jicho. Kwa hiyo, jicho jekundu lenye maumivu makali, linaloogopa mwanga au linaloona kwa shida, si la kupelekwa dukani.

Huduma zipo. Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta, kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu na Hospitali ya Macho ya Sabatia kule Vihiga ni baadhi tu ya mahali wanapopatikana madaktari bingwa. Katika hospitali nyingi za kaunti wamo maafisa wa kliniki waliosomea macho, na baadhi yao wamefunzwa kumpasua mtoto wa jicho. Hao ndio wa kuanzia.

Ninyi walimu mna nafasi ambayo hata daktari hana, kwa kuwa mnamwona mtoto kila siku. Anayekodoa macho, anayenakili kutoka kwa daftari la jirani badala ya ubao, au anayekileta kitabu karibu na pua, asiitwe mvivu wala mjinga kabla hajapimwa. Pengine anachohitaji ni miwani tu.

Utafiti uliofanywa katika shule 50 za Trans Nzoia, na kuchapishwa mwaka 2018, unatufundisha jambo kubwa. Walimu waliwapima zaidi ya wanafunzi 20,000. Katika nusu ya shule hizo walitumia chati ya kawaida, na waliogunduliwa kuwa na tatizo wakapewa barua ya kwenda hospitalini. Katika nusu ya pili walitumia programu ya simu, wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi, na mtoto akapewa picha iliyoonyesha jinsi anavyouona ulimwengu. Kati ya kila watoto 100 waliogunduliwa kuwa na tatizo, wa kundi la kwanza waliofika hospitalini walikuwa 22, na wa kundi la pili 54. Hospitali zilikuwepo kwa makundi yote mawili. Kwa maoni yangu, kilicholitofautisha kundi la pili ni kwamba mzazi aliambiwa akaelewa.

Hii ni kazi ya lugha, na kwa hiyo ni kazi yetu. Mwalimu wa Kiswahili atafutaye kifungu cha ufahamu na atunge kimoja kuhusu glakoma. Anayefundisha barua na awape wanafunzi zoezi la kumwandikia mzazi, kwa maneno mepesi, kwamba mtoto wake anahitaji kupimwa macho. Nawe mwanafunzi, ukifunga shule, muulize bibi au babu yako kama anauona mlango vizuri. Akikujibu kuwa anangoja mtoto akomae, mweleze kwa heshima kuwa siku hizi mtoto huyo hangojwi.